Jina Lililowekwa Akiba

Ilikuwa leo au basi.

Mtoto alikuwa ametimiza siku ishirini na moja tangu azaliwe, na hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo sheria inamvumilia mtu kukaa na mwanawe bila kumwandikisha. Ofisi ya usajili pale mjini Tarbert ilikuwa inafungwa saa kumi jioni. Effie alikuwa ameshaoga, amevaa gauni lake la kijani ambalo bado lilimbana kifuani, na amemvika mwanawe kofia ya sufu mpaka masikioni. Vilivyobaki ni vitu viwili tu: jina la mtoto, na baba wa mtoto.

Jina alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu mimba ina miezi minne. Torquil. Jina la kale la watu wa visiwa hivi, ambalo siku hizi unaweza kuzunguka kisiwa kizima cha Harris usimkute mtoto hata mmoja anayeitwa hivyo. Waliokuwa nalo ni wazee, na wengi wao wamekwisha kwenda. Mmoja wao alikuwa Mzee Torquil MacCuish, babu wa kichanga hiki, aliyezikwa majira ya baridi ya mwaka juzi.

Baba wa mtoto ndiye aliyekuwa mtihani. Kwa siku ishirini Ranald alikuwa na kauli moja: atatia saini jina lolote, lolote lile, isipokuwa hilo. Ukimuuliza kwa nini, anavaa gambuti zake na kwenda kwenye mabwawa ya samaki. Na kwa kuwa hawakuwa wamefunga ndoa, asipokwenda mwenyewe akaweka saini, pale penye nafasi ya baba pangebaki peupe. Effie alikuwa amewekwa njia panda, achague jina au achague mwanamume. Naye, jamani, alivitaka vyote viwili.

Mlango wa jikoni ulisukumwa bila hodi. Aliingia Mama Marsaili, mama yake Ranald, kitambaa kichwani kimelowa mvua, sahani ya skonzi mkono mmoja na karatasi iliyokunjwa mkono wa pili.

"Ndiyo unamtoa nje na upepo huu?"

"Shikamoo, Mama. Tunakwenda Tarbert."

"Marahaba. Vizuri, basi nimewahi." Akaweka skonzi mezani, akaikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja. "Nimewaandikia majina. James. Andrew. Jack. Yote mazuri, yote ya heshima."

"Jack, Mama?"

"Jack lina ubaya gani?"

"Halina ubaya. Ila ukisimama pale shuleni ukaita Jack, wanakuja watoto sita na mbwa mmoja."

Midomo ya Mama Marsaili ilitaka kucheka. Aliizuia. Alikuwa mwanamke wa kujizuia, na Effie alikuwa amemzoea. Katika miaka mitano ya kuishi naye mlango kwa mlango alijua wapi pa kumchekesha na wapi pa kunyamaza. Leo hakuwa na nafasi ya kunyamaza.

"Mama, mlinifundisha nyinyi wenyewe. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo. Lakini mkubwa kwanza." Mama Marsaili aligonga meza kwa kidole. "Hector ndiye mkubwa. Jina la baba yao ni la mtoto wa Hector. Nimeliweka akiba tangu siku ya harusi yake."

"Hector na Seonag wana miaka kumi na mmoja kwenye ndoa."

"Mungu hajafunga mlango."

"Wala mimi sijasema amefunga."

"Ukilichukua jina, umesema! Utakuwa umesimama barabarani ukawatangazia watu kwamba yule msichana hatazaa. Watu watalisikia jina la mkwe wake linaitwa kwako, watamtazama yeye tumboni. Mimi siwezi kukaa nikaangalia hilo, Effie. Nawapenda wote."

Hilo lilimchoma Effie, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Mara ngapi alikuwa amelifikiria peke yake, akimnyonyesha mtoto? Alimwinamia mwanawe akamrekebisha kofia iliyokuwa sawa tayari.

"Na hicho nini?" aliuliza Mama Marsaili, akionyesha kifurushi kidogo cha karatasi nyeupe kando ya birika.

"Cha mtoto. Kwetu Leith, kule bara, mtoto wa kiume akitolewa kwenda kupewa jina, mama yake anabeba biskuti ya siagi na sarafu ya fedha. Anampa mwanamke wa kwanza atakayekutana naye njiani. Bibi yangu alitufanyia wote."

"Mambo ya Leith hayo! Usije ukanipa mimi."

"Wewe umo ndani, Mama. Ni njiani."

Mama mkwe akachukua skonzi moja, akaikata katikati, asiile. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kingine, binti yangu. Unapigana na mimi bure. Muulize Ranald alimwahidi nini kaka yake. Muulize leo, kabla hujapanda gari."

*

Ranald alikuwa kwenye banda la kufumia. Alikuwa ametoka kulisha samaki, hajavua hata koti la mvua, na amekaa kwenye benchi la mtambo wa kufumia kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Mtambo ule ulikuwa wa Mzee Torquil. Ndiye aliyemfundisha Effie kuukanyaga kwa miguu, kufunga uzi uliokatika, na kulisoma kosa kwenye kitambaa kabla jicho la mnunuzi halijaliona. Alipokufa alimwachia Effie, si wanawe.

Effie alisimama mlangoni na mtoto kifuani. Alikuwa na hasira naye, tena hasira ya siku ishirini, lakini macho hayana adabu. Yaliiona ile shingo iliyochomwa na upepo, zile nywele nyekundu zilizolowa, ile mikono mikubwa iliyokuwa ikichezea uzi wa bluu kwa upole ambao haukustahili mikono mikubwa vile. Mungu wangu, alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka akaghadhibika zaidi.

"Uliahidi nini?" akauliza.

Ranald aliinua uso. "Mama amesema?"

"Mama amesema nikuulize. Nakuuliza."

"Effie, tuchague jingine tu. Lachlan zuri. Fergus..."

"Mwanao ana siku ishirini na moja," Effie akamkatisha, "na hujawahi kumwita kitu. Umegundua? Mimi nimegundua. Unamwita 'mtoto'. 'Mtoto amelala?' 'Mtoto amekula?' Unamzunguka kama mgeni. Baba yako angekuwa hai ungemtazama na aibu hiyo machoni?"

"Usimlete Baba."

"Namleta! Nani mwingine nimlete? Nilipohamia kwako bila pete, kanisa zima liligeuza shingo. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, peke yangu. Nani alitoka kwenye benchi la MacCuish, benchi alilokalia miaka arobaini, akatembea mbele ya watu wote na fimbo yake akaja kukaa na mimi? Wewe?"

Ranald aliuzungusha uzi wa bluu kidoleni.

"Wewe ulikuwa umekaa na mama yako. Sikulaumu, ulikuwa umeganda. Lakini mzee alikuja. Akaniambia, 'Sogea, binti, nina magoti mabovu.' Hakusema kingine. Jumapili zote zilizobaki za maisha yake alikaa na mimi. Sasa unaniambia niandike Jack?"

Mtoto alijinyoosha, akatoa sauti ndogo ya paka, akalala tena. Ranald alimtazama, na Effie aliona kitu kinavunjika kwenye uso wake.

"Unakumbuka nani alishika kamba ya kichwani tulipomzika Baba?" aliuliza.

Effie alikumbuka. Kamba nane za kuteremshia jeneza, kila mshika kamba na kadi yake yenye namba. Namba moja ni ya kichwani, na ya kichwani ni ya mtoto mkubwa wa kiume.

"Wewe."

"Mimi. Na ilikuwa ya Hector." Alivuta pumzi. "Alikuwa anafanya kazi bara siku zile. Amekwama bandari ya Uig siku tatu, dhoruba, feri haivuki. Ananipigia simu kila saa. 'Nisubirini. Ranald, nisubirini.' Mama hajiwezi. Mchungaji akasema familia iamue, na familia wote wakanitazama mimi. Nikasema tuzike. Siku moja, Effie! Ningengoja siku moja tu! Kesho yake saa tatu asubuhi feri ikavuka, jua linawaka, na Hector amesimama langoni mwa makaburi na suti yake nyeusi, mkononi ameshika kadi namba moja. Nilikuwa nimemtumia kwa posta wiki ile ile Baba alipozidiwa. Alikuwa amesafiri nayo."

"Akakutukana?"

"Bora angenitukana. Aliniuliza swali moja. 'Kamba yangu ilikuwa nzito?' Basi. Sikuweza kumjibu. Nikajikuta nasema, jina la Baba ni lako, Hector. Sitaligusa mpaka naingia kaburini. Hakusema kitu. Akageuka, akaenda kwenye gari."

Mvua ilipiga bati la banda. Effie alikaa kwenye benchi kando yake, mabega yakigusana kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema polepole. "Siku ishirini nimelala nikidhani unatuonea aibu. Kwamba jina la baba yako ni kubwa mno kwa mtoto wangu mimi, mwanamke wa Leith asiye na pete."

"Aibu? Mimi nikuonee aibu wewe?" Ranald alimgeukia, macho yamejaa. "Effie, mimi nikiwa kule kwenye mabwawa natazama saa kila dakika tano nirudi kwako. Wenzangu wananicheka. Mimi ndiye ninayejionea aibu. Kila nikitaka kumwita huyu, ni hilo tu linakuja mdomoni. Hilo hilo. Na nilishalitoa."

"Ungeniambia!"

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia popote, mjinga wewe." Alimfuta shavu kwa mgongo wa kiganja, bila upole mwingi. Kisha akasimama. "Hector alikujibu kwamba amelipokea?"

"Nimekwambia hakusema kitu."

"Kwa hiyo hujui kama alilitaka. Umempa mtu kitu hakukuomba, halafu ukatunyima sisi kwa ajili hiyo. Haya, washa gari."

"Twende Tarbert?"

"Twende kwa Hector."

"Effie, hapana. Miaka miwili hatujakaa meza moja. Nitasimama pale niseme nini?"

"Sijui utasema nini. Mimi najua nitakalosema. Akikataa kwa mdomo wake mwenyewe, nitaandika Jack, na hutanisikia nikilalamika mpaka tunazeeka. Naapa. Lakini akikubali, wewe ndiye utakayelitamka, mbele za watu, kwa sauti." Alimfunika mtoto kwa shali. "Na usipowasha wewe nitaendesha mwenyewe. Unajua ninavyoendesha."

Ranald alijua. Akawasha gari.

*

Nyumba ya Hector ilikuwa upande wa kusini, ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu saa kwenye njia nyembamba ambayo magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Hawakukutana na mtu. Effie alihesabu: hakuna hata mwanamke mmoja barabarani, kwa mvua ile. Kifurushi kilikuwa mapajani mwake, na mpaka wanapinda kwenye lango la Hector kilikuwa bado hakijapata mwenyewe.

Mvua ilikuwa imekatika. Kwenye ua alikuwepo mwanamke mrefu mwembamba anapambana na shuka kwenye kamba, vibanio mdomoni. Alikuwa Seonag, mke wa Hector.

Effie alikitazama kifurushi mapajani. Watu wote duniani, na biskuti ya kubarikia mtoto inakwenda kwa huyu! Kwa sekunde nzima alitaka kukificha kifurushi chini ya kiti. Halafu akajiambia kwamba kumruka Seonag ndiyo ingekuwa tusi kubwa kuliko yote, na akashuka.

"Dada Seonag."

Seonag aliondoa vibanio mdomoni. Macho yake yalikwenda kwa mtoto moja kwa moja, yakakaa hapo. "Mmekuja," alisema. "Nilidhani hamtakuja kamwe. Nilikufumia soksi za mtoto, nikaona haya kuzileta."

"Hii yako." Effie alimnyooshea kifurushi. "Ni mila ya kwetu. Wewe ndiye mwanamke wa kwanza tuliyekutana naye, na leo mtoto anakwenda kupewa jina."

Seonag alikifungua kwa vidole vyenye baridi. Aliitazama sarafu, akaitia mfukoni mwa aproni. Akaimega biskuti, akala kipande hapo hapo kwenye upepo, shuka likimpiga mgongoni.

"Sasa natakiwa niseme nini?"

"Unamwombea heri. Kwa jina lake."

"Jina lake nani?"

Effie alikuwa ameipanga hotuba njia nzima, na hotuba yote ilimtoka kichwani. "Ndilo nililokuja kuwauliza," alisema. "Nataka aitwe Torquil. Najua lilikuwa lenu. Nimekuja kuomba, sikuja kunyang'anya. Mkisema hapana, ni hapana."

Ranald alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa chini. Seonag alitafuna kile kipande mpaka kikaisha. Hakukasirika, wala hakulia. Akasema tu, "Njooni ndani. Nataka kukuonyesha kitu."

Aliwapitisha jikoni mpaka chumba cha pembeni, akafungua kabati, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka kitandani. Blanketi jeupe la sufu, herufi T imefumwa kwenye pindo. Kikombe cha fedha, jina zima limechorwa ubavuni. Kofia tatu. Koti dogo. Kijiko.

"Huyo Mama," alisema Seonag. "Kila Mwaka Mpya analeta kimoja. Hana ubaya, maskini, anadhani ananitia moyo. Mwaka wa kwanza nilifurahi. Mwaka wa tano nikawa nafungua zawadi nikiwa nimefumba macho. Miaka kumi na mmoja, Effie, kuna mtu anaitwa Torquil anaishi kwenye kabati langu, na hajazaliwa. Nikifagia chumba hiki nafagia haraka nitoke." Sasa sauti ilimtetemeka. "Lichukue. Nakuomba. Litoe humu ndani, lipate uso, liwe na mafua, livunje vikombe vya watu. Nimechoka kulitunza."

Effie alimkumbatia kwa mkono mmoja, mtoto katikati yao, na Seonag akaweka shavu lake juu ya ile kofia ya sufu, akavuta harufu yake.

"Mambo gani haya?"

Hector alikuwa mlangoni. Mtu mkubwa kuliko mdogo wake, ndevu zimeanza mvi, mikono ina mafuta ya kondoo mpaka viwikoni. Aliviona vitu kitandani. Kisha akamwona Ranald ukutani, na uso wake ukafunga.

"Wanaomba jina," alisema Seonag. "Na mimi nimeshatoa upande wangu."

"Shemeji," Effie alianza, "mimi ndiye..."

Lakini Ranald alimgusa bega. Kwa upole tu. Akapita mbele yake, na Effie akanyamaza. Alitaka kwa siku ishirini kumwona mtu huyu akipita mbele.

"Nilikuahidi sitaligusa," Ranald alimwambia kaka yake. "Nimekuja kukuomba unifungue kutoka kwenye ahadi yangu."

"Nani alikuomba ahadi?" Hector alisema kwa ukali. "Miaka miwili unanikwepa na ahadi yako! Nani aliyesema analitaka jina? Mimi nilikuuliza habari ya kamba. Nilikuuliza swali, Ranald, na hukunijibu. Ukanipa jina kama mtu anayempa mtoto peremende anyamaze."

Ranald alivitazama viganja vyake.

"Ilikuwa nzito," akasema. "Ilikuwa nzito, kaka. Iliniunguza viganja. Nilidhani nitamwangusha. Nilikuwa natazama barabarani muda wote, hata wanapoimba, nasema labda utatokea. Nilikosea. Ningekungoja. Nilihitaji uwepo, na mimi mwenyewe ndiye niliyefanya usiwepo."

Hector aligeukia dirisha. Mabega yale makubwa yalitikisika mara moja, mara mbili. Hakuna aliyemsogelea, hata Seonag alimwachia nafasi yake. Alipogeuka, alikwenda kwenye beseni la jikoni bila neno, wakamsikia ananawa, ananawa muda mrefu, na sabuni. Akarudi anajifuta kwenye shati.

"Nipeni huyo mtoto."

Effie akamsogelea.

"Sijawahi kushika mdogo hivi," alisema Hector. Ghafla alikuwa na woga. "Nisije nikamvunja."

"Havunjiki. Mkono huu hapa, chini ya kichwa. Shingo yake bado, hajiwezi. Wengine wote wanaweza kukosea huku chini, lakini wewe shika kichwa tu, shika vizuri."

Hector alisimama palepale, mkono wake mzima umekizunguka kichwa cha mtoto, ile kofia ya sufu imepotea kwenye kiganja. Mtoto alifungua macho. Wakatazamana, mzito na mwepesi, na machozi ya Hector yakaanguka kwenye shali bila yeye kujali.

"Haya, Mzee," alimwambia. "Safari hii sijachelewa."

Seonag aliliokota lile blanketi lenye herufi T, akamfunika nalo mtoto juu ya mikono ya mumewe. "Na Mama niachieni mimi," alisema. "Nitaongea naye. Ni zamu yangu."

*

Walifika Tarbert saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Ranald aliendesha njia nzima kimya, ila kila penye kona alikuwa akinyoosha mkono kumgusa Effie goti, kama anayehakikisha kwamba yupo. Effie alikuwa na mengi ya kumwambia. Aliyaacha. Alikuwa amesema vya kutosha kwa siku moja.

Karani wa usajili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, amekwisha kuvaa mkono mmoja wa koti. Alilivua alipowaona, akakaa, akawasha tena kompyuta yake na kushusha pumzi.

"Mmeamua kunitia presha, eti? Haya. Jina la mtoto?"

Effie, aliyekuwa amelipigania jikoni, bandani, na kwenye chumba cha watu, alifunga mdomo wake. Akamtazama Ranald. Alijua kwamba asipolisema sasa, kwa hiari yake, yote ya leo yatakuwa kazi bure, na yeye hatamsukuma tena.

Ranald alimwinamia mwanawe. Hakumtazama karani, wala Effie.

"Torquil," alimwambia mtoto kwanza, taratibu, ajue. Kisha akainuka, akasema kwa sauti ambayo hata mtu wa kwenye korido angeisikia, "Torquil MacCuish. Andika."

Karani aliandika. "Loo, jina hili! Nimekaa kiti hiki miaka kumi na minane sijaliandika." Akaipandisha miwani. "Baba ni wewe?"

"Mimi."

"Utatia saini hapa. Na wazazi mmeoana?"

"Hapana," alisema Effie.

"Bado," alisema Ranald.

Vidole vya karani vilibaki hewani. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaitazama saa ya ukutani, akawatazama tena. Effie alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Alikuwa anamkodolea macho yule mtu mwenye nywele nyekundu, mwenye harufu ya samaki, ambaye masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya lakini macho hayakukwepa hata kidogo.

"Jamani, ofisi inafungwa," alisema karani. "Sasa niandike lipi?"

Effie aliushika ule mkono mkubwa juu ya meza, mbele ya karani, akaubana.

"Andika alivyosema baba yake Torquil."